Baraza ya Nyumba: Kibali Kwanza, Karamu Baadaye

Hakuna sehemu ya nyumba ipendwayo na watu wengi kama baraza. Ndani hulala wenye nyumba. Barazani huketi wenye nyumba, majirani, wageni, na watoto wa mtaa mzima. Katika mji wa Lamu, mbele ya nyumba kubwa za mawe pana daka, na kando zake mbili zimejengwa baraza za mawe, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuingizwa ndani. Neno hilo hilo limekuwa jina la mkutano wa wazee na wa chifu, kwa kuwa watu walipotaka kushauriana walikutana hapo. Basi mtu ajengaye baraza hajijengei peke yake. Anajenga mahali pa kukaa watu wengine.

Walakini hiyo ndiyo sehemu ijengwayo kwa haraka kupita zote. Mtu aliyekwisha kupata kibali cha kujenga nyumba yake hudhani kwamba shauri lote limekwisha. Miaka michache baadaye apatapo akiba kidogo, humwita seremala, wakasimama uani wakipima kwa hatua za miguu, na mazungumzo yao aghalabu huwa hivi:

"Bwana, hii si nyumba, ni baraza tu. Nipe siku nne na mbao za kutosha, na Jumamosi utakaa hapo na wageni wako."

"Na kule ofisi ya kaunti, fundi?"

"Kule wataka nini, Bwana? Ukienda kuuliza utacheleweshwa bure."

Maneno hayo ni matamu masikioni, maana yanaokoa fedha na siku. Lakini lile neno "tu" ndilo lenye hatari. Chumba cha kulala hubeba kitanda, kabati na watu wawili. Baraza hukaa tupu mwaka mzima, kisha siku moja ya arusi, au ya matanga, au ya kumpokea kijana aliyerudi kutoka ng'ambo, hubeba watu thelathini kwa mara moja. Siku hiyo ndiyo mtihani wake, na wanaotahiniwa ni wageni.

YALIYOTOKEA CHICAGO

Yafaa kutazama mji ambao ulijifunza jambo hili kwa machozi. Huko Chicago, katika Marekani, nyumba nyingi za ghorofa zina baraza za mbao upande wa nyuma, zilizopangwa moja juu ya nyingine na kuunganishwa kwa ngazi. Wapangaji huzitumia kupunga hewa wakati wa joto, na pia ni njia ya pili ya kutokea moto unapozuka.

  Usiku wa tarehe 29 Juni, 2003, vijana wengi walikusanyika kwa karamu katika nyumba moja ya orofa tatu, mtaa wa Lincoln Park. Walijaa barazani, juu na chini. Baada ya saa sita ya usiku baraza ya juu iliacha ukuta ikaiangukia ile ya chini yake, na zote zikaporomoka pamoja na watu. Watu 13 walikufa, na zaidi ya 50 waliumia.

Wakuu wa mji walipochunguza walisema kwamba baraza hiyo ilijengwa mwaka 1998 bila kibali, kwamba ilikuwa kubwa kuliko ilivyoruhusiwa na kanuni za mji, na kwamba vilivyoishika havikutosha. Yaani kwa muda wa miaka mitano ilisimama, watu wakapita juu yake, na hakuna aliyeona kosa. Mtu angeweza kusema wakati wote huo kwamba fundi alikuwa na haki na ofisi haikuwa na kazi. Jambo hilo ni la kukumbukwa sana. Baraza mbovu haianguki siku ya kwanza, wakati mwenye nyumba amesimama juu yake peke yake akiisifu. Huanguka siku ambayo watu wamejaa.

Tena hakuna hata mmoja wa wale waliokufa aliyeulizwa kama aliridhika na ukubwa wa parafujo. Mgeni hana desturi ya kudai ramani kabla ya kuketi. Huamini. Kibali, basi, kinasimama mahali pa swali ambalo mgeni hawezi kuliuliza kwa sababu ya adabu.

HESABU YA UZITO

Watu wengi hudhani kwamba wakaguzi hubuni mambo ya kusumbua raia. Yafaa waone hesabu yenyewe. Kitabu cha kanuni za nyumba za kukaa ambacho hufuatwa katika sehemu nyingi za Marekani kinataka baraza ya mbao iweze kubeba ratili 40 katika kila futi moja ya mraba, mbali na uzito wa mbao zenyewe. Hiyo ni karibu na kilo 195 katika kila mita moja ya mraba.

Msomaji na achukue mfano wa baraza ndogo yenye urefu wa futi 12 na upana wa futi 10. Eneo lake ni futi 120 za mraba. Zidisha kwa 40, utapata ratili 4,800, yaani kilo 2,177. Huo ni uzito wa watu 31, kila mmoja akiwa na kilo 70. Nani asiyejua kwamba siku ya karamu watu 31 huenea katika futi 12 kwa 10, wakisimama? Kwa hiyo hesabu hiyo haikutungwa na watu waoga. Ni hesabu ya siku ya furaha.

Mafundi wa zamani wa pwani walijua jambo hili bila kitabu. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu lakini vyembamba, na aghalabu upana wake hauzidi mita 3, kwa sababu dari na sakafu za juu zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kuvuka mbali bila kupinda. Fundi hakuulizwa na tajiri wake kwamba ataka ukumbi mpana kiasi gani. Aliitazama boriti kwanza. Siku hizi mbao hupatikana ndefu, na hivyo watu husahau kuuliza kama urefu ule una nguvu.

MAHALI PANAPOVUNJIKA

Mtu akiulizwa baraza huvunjika wapi, hujibu kwamba ni katika mbao za kukanyagia. Sivyo. Mara nyingi mbao za juu huwa nzima, na kilichoachana ni ile mbao ndefu iliyoshikamanishwa na ukuta wa nyumba, ambayo mihimili yote huegemea juu yake. Ikiwa mbao hiyo imepigwa misumari mitupu, basi watu wanapojaa na kuchezacheza, misumari hutoka polepole kama meno ya mzee. Kanuni hukataza kuitegemea misumari hapo, na kutaka bolti au parafujo nene zilizopita mpaka kwenye kiunzi cha nyumba chenyewe, zikipangwa kwa nafasi iliyohesabiwa.

Jambo la pili ni miguu ya nguzo. Katika sehemu nyingi za Nairobi na tambarare zake mna udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nguzo iliyosimamishwa juu juu katika udongo huo huinuliwa na kushushwa kila mwaka, na baraza huanza kujitenga na nyumba yake kidogo kidogo. Mhandisi hutaka msingi ushuke hadi ardhi ngumu, au udongo huo uondolewe.

Jambo la tatu ni ukingo wa kuzuia watu wasianguke. Kitabu kile cha Marekani husema kwamba sakafu ikiinuka zaidi ya inchi 30 kutoka ardhini, lazima kuwe na ukingo usiopungua inchi 36 kwenda juu, na nafasi kati ya fito zake zisiruhusu mpira wa inchi 4 kupita. Inchi 4 si neno la bahati. Ni kipimo kilichowekwa kwa ajili ya mtoto mdogo, ili asipenye.

Kitabu hicho hakiwi kikali bila sababu. Kinasamehe kibali kwa baraza ya mbao isiyozidi futi 200 za mraba, isiyoinuka zaidi ya inchi 30, isiyoshikamana na nyumba, wala isiyo njia ya mlango mkuu wa kutokea. Lakini yote manne lazima yatimie pamoja, na miji mingine hukaza zaidi. Hapo msomaji aweza kuona ni nini hasa kinachoogopwa: ukubwa, kimo, kushikamana, na njia ya watu.

NJIA YA KUOMBA KIBALI KATIKA KENYA

Katika Kenya shauri hili limewekwa mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba mtu asianze ujenzi bila ruhusa ya kaunti. Atakayevunja amri hiyo na kuhukumiwa aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au yote mawili. Tena aweza kuamriwa kuirudisha ardhi katika hali yake ya kwanza katika siku 90. Yaani abomoe kwa gharama yake mwenyewe kile alichokijenga kwa gharama yake mwenyewe. Kanuni za majengo zilizotolewa mwaka 2024 zilianza kutumika mwezi wa Machi, 2025, zikashika mahali pa zile za mwaka 1968.

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba na afanye mambo haya kwa utaratibu.

Kwanza, aitazame ramani ya kiwanja chake na kujua mpaka uko wapi, na nafasi gani lazima iachwe kati ya jengo na njia. Baraza zinazoelekea barabarani ndizo zinazoleta majuto mengi. Mtu huongeza futi tatu, kisha futi mbili kwa ajili ya ngazi, na siku moja huamka akakuta alama ya X ya rangi nyekundu katika ukuta wake, maana ameingia katika ardhi ya barabara. Kamba ya kupimia ni rahisi kuliko nyundo ya kubomolea.

Pili, ampate mchoraji wa majengo aliyeandikishwa kwa sheria amchoree baraza ile, nayo ionyeshwe pamoja na nyumba iliyopo. Ikiwa baraza ni ya ghorofani, au ya zege, au imeinuliwa juu ya nguzo, apatikane pia mhandisi wa kuhesabu uzito. Wengine huona kwamba hiyo ni fedha ya bure. Na walinganishe malipo hayo na bei ya mbao na simiti watakazonunua mara mbili baraza ikibomolewa.

Tatu, akusanye karatasi zake: nakala ya hati ya kumiliki ardhi, na stakabadhi kwamba amelipa kodi ya kiwanja. Aliye mpangaji, au aliye na ardhi ya urithi ambayo haijagawanywa, yampasa kupata kwanza idhini ya mwenye ardhi au ya ndugu zake, tena kwa maandishi. Ada ya kibali si moja katika kaunti zote, kwa hiyo aulize ofisini kwao, wala asitegemee habari za sokoni.

Nne, akishapata kibali, asikifungie sandukuni. Mkaguzi aitwe kuona msingi kabla ya kufukiwa na nondo kabla ya kumwagiwa zege, kwa sababu mambo hayo yakisha kufunikwa hakuna jicho la mtu liwezalo kuyaona tena. Fundi mwema hamwogopi mkaguzi. Hufurahi kuwa na shahidi.

Wakaaji wa Mji wa Kale wa Lamu wana sharti moja zaidi. Mji wao uliingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mtu hawezi kubadili uso wa nyumba yake kama apendavyo. Shauri hupitia pia kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa. Wako wanaonung'unika kwamba nyumba ni yao. Ni kweli, nyumba ni yao. Lakini daka lililojengwa na mababu kwa mawe na chokaa, likivunjwa na kuwekwa nguzo za simiti, halirudi.

OFISI NAZO ZINA WAJIBU

Si haki kumwambia raia afuate sheria pasipo kumwambia sheria inampa nini. Manung'uniko ya watu juu ya kucheleweshwa si ya uongo. Wako waliopeleka ramani wakaambiwa waje kesho, na kesho ikawa mwezi. Hayo ndiyo yanayompa nguvu yule fundi asemaye kwamba kuuliza ni kujichelewesha.

Lakini sheria ile ile ya mwaka 2019 imemkumbuka mwombaji. Inasema kwamba asipopata jibu la maandishi katika siku 60, ruhusa yake itahesabiwa kuwa imetolewa. Kwa hiyo kila apelekaye maombi na ahakikishe kwamba amepewa stakabadhi yenye tarehe, na aitunze kama atunzavyo hati ya shamba. Pasipo tarehe, siku 60 hazina mwanzo. Hata hivyo ruhusa ya namna hiyo haimwondolei mtu wajibu wa kujenga kwa usalama. Sheria yaweza kuhesabu kimya kuwa kibali, lakini mbao haziwezi.

Akikataliwa, anayo haki ya kujua sababu. Asiporidhika aweza kukata rufani katika siku 14 mbele ya kamati ya kaunti isikilizayo mashauri ya mipango ya ardhi, nayo imepewa siku 14 za kuamua. Na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Njia hizo ni ndefu kuliko kumpa mtu noti mkononi nyuma ya ofisi. Lakini kibali kilichonunuliwa hakikukagua kitu. Ni karatasi iliyopigwa muhuri na mtu asiyeitazama ramani, na mwenye nyumba amelipa fedha ili adanganywe.

BAADA YA KIBALI

Hata hivyo mtu asidhani kwamba kibali ni hirizi. Tarehe 16 Juni, 2015, katika mji wa Berkeley, jimbo la California, vijana walikuwa wakisherehekea siku ya kuzaliwa ya mwenzao katika baraza ndogo ya ghorofani. Jengo lilikuwa halijafikia hata miaka kumi tangu kumalizika mwaka 2007, wala halikuwa la kificho. Baraza ile ilivunjika. Watu sita walikufa na saba wakaumia. Mihimili yake ilionekana imeoza, kwa sababu maji yalikuwa yamepenya na kukaa ndani ambapo hayakuonekana, na juu palikuwa pazuri kama siku ya kwanza. Mwaka 2018 jimbo hilo likatunga sheria kwamba baraza na ngazi za mbao zilizoinuliwa, katika nyumba za kupangisha zenye makao matatu au zaidi, zikaguliwe kila baada ya miaka sita.

Katika Kenya adui ni wawili, maji na mchwa. Mwenye baraza ya mbao na atumie mbao zilizotiwa dawa, aache mteremko mdogo ili maji yasisimame, wala asizike mguu wa nguzo katika udongo mtupu. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa, aingie chini ya baraza yake na bisibisi, achome mbao mahali zinaposhikana na ukuta. Ikizama kama katika mkate, basi wageni na wakae uani mpaka itengenezwe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika shauri la baraza, asiyeziba ufa aweza kuchimba kaburi.

Mambo haya yote yanaonekana kuwa mengi kwa futi chache za mbao. Lakini wahenga walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huja kwa nia njema, huvua viatu, huketi pale alipoonyeshwa. Amekabidhi uhai wake kwa mwenyeji bila kusema neno. Mwenyeji aliyepima, akachora, akaomba, akakaguliwa na kutengeneza, aweza kumwambia "karibu" kwa moyo mweupe. Yule aliyejenga kwa siku nne kwa kuwa ni baraza tu, yampasa kila karamu kuhesabu watu wake wakiongezeka, na kuwa na hofu ambayo hawezi kuwaambia.